Simile

Ubao wa kwanza ulikuwa katoni ya sabuni.
Niliukata usiku, duka la fotokopi limefungwa,
rula ya chuma, wembe, taa ya simu.
Nikachora kutoka Langoni hadi Mkomani kwa kalamu ya risasi:
vichochoro vyote, na wikio moja,
pale nyumba mbili zinaposhikana mikono juu ya njia.
Punda ni vifungo vya sare yangu ya shule,
mizigo ni komwe.
Kadi nilizikata kwenye kalenda ya mwaka juzi,
nyuma ya kila tarehe nikaandika balaa:
Mfereji umefurika.
Harusi imeziba njia.
Gunia limepasuka, okota.

Dadu alinichongea Famau, fundi milango,
kwa kipande cha mbambakofi kilichomsalia.
Akaifanya nzuri mno, akaitia nakshi upande mmoja,
nayo kwa nakshi hiyo ikawa haitui ila nne.
Nilirusha mara mia, nikaandika:
nne, nne, mbili, nne.
Nikamshukuru. Nikanunua ya plastiki.

Sheria ilikuwa moja na nusu:
mkikutana kichochoroni, aliyechelewa kusema "Simile!"
arudi nyuma hatua tatu.
Ile nusu nilikuwa sijaimaliza.

Ijumaa baada ya chakula nikawaketisha mkekani:
Somoe, na mwanawe Twalha wa miaka tisa,
Bi Mwanatumu aliyekuja kurudisha sinia,
na Lali, mwenye punda wa kweli wanne,
ambaye maisha yake hajacheza ila karata.
Niliapa sitatia neno. Mwenye mchezo akieleza
anaujaribu ulimi wake, mchezo haujaribiwi.
Nikakaa pembeni na daftari, natafuna kalamu.

Dakika ya ishirini Twalha alimsimamisha punda chini ya wikio
akatulia. Hapiti, hapitishi.
"Sheria haikukataza," akasema. Kweli, haikukataza.
Saa ya pili Bi Mwanatumu alikuwa amelala, komwe kiganjani.
Somoe akauliza nani anashinda,
na mimi sikujua.
Daftari: ndefu. Ndefu mno. Wikio ni mwizi.

Kisha zamu ya Lali. Akakishika kifungo, asikisogeze.
"Punda hendi kinyumenyume," akasema,
"na mtanga mgongoni, katika ndia ya dhiraa mbili?
Nani alokwambia? Mwenye mzigo hupita.
Mtupu hujibana ukutani, akangoja."
Nilitaka kumjibu kuwa huu ni mchezo tu.
Nikakumbuka kiapo.
Nikayaandika maneno yake kama alivyoyasema,
na kurasa kumi na moja zikafa hapo hapo,
na ile nusu ikatimia.

Halafu Somoe akampitisha punda wake uani kwetu.
Nilikuwa nimeichora njia ya mkato:
mlango wa nyuma, kisima, unatokea msikitini.
"Hapa siku hizi pana kufuli," akasema polepole.
"Na kamera."
Nyumba tuliiuza mwaka ule wa deni la hospitali.
Sikujua kama mkono wangu uliiacha wazi.
Wote wakakitazama kifungo, kimekaa kando ya kisima.
"Sogeza," nikasema.
Ndilo neno pekee lililonitoka alasiri ile.

Sasa ni ubao wa saba, katoni ya tambi.
Gundi haijakauka, Mkomani imejikunja.
Mtupu hungoja. Chini ya wikio hakuna kukaa zaidi ya zamu moja,
tunaiita sheria ya Twalha, naye anaringa nayo mtaa mzima.
Mlango wa nyuma bado sijaamua.
Jana niliuziba kwa karatasi, asubuhi nikaibandua,
ikatoka na ngozi ya katoni,
pamebaki alama nyeupe.

Twalha yuko nje tangu adhuhuri.
Mfukoni ana kifungo alichoniibia,
anagonga, anapaza sauti
kama kwamba punda wote wa mji wanateremka pamoja:
"Simile! Simile bwana! Simile!"