Kila Aprili Tunaiyeyusha

Inchi moja tu. Mimi ndiye ninayeipima,
kwa msumari na rula, kabla jua halijachomoza Ashby Mills:
inchi moja ya maji magumu
ndiyo shamba lote la timu hii,
na kila Aprili tunalifungulia mfereji, liende zake mtoni.

Lorraine Pelkey hucheka nikisema hivyo.
Ameshika saa ya adhabu tangu mwaka wa sitini na tisa.
Ana madaftari arobaini na matatu
ndani ya kabati la chumvi na siki,
na hakuna ukurasa usio na doa la kahawa.
Anasema ilianzia hukohuko mtoni, thelathini na moja,
kiwanda cha karatasi kilipopunguza zamu
na vijana wakakosa pa kupeleka mikono.
Magoli yalikuwa masanduku ya samaki.
Kisahani cha kwanza kilikuwa kisigino
cha kiatu cha baba yake Ovide Cloutier,
naye mzee akaenda kanisani akichechemea mpaka Pasaka.

Wakajiita Wakaratasi.
Wapinzani wakasema, karatasi huchanika.
Ikachanika kweli, misimu kumi na minane, mkiani.

Halafu sitini na mbili.
Kila mtu hapa atakusimulia sitini na mbili,
hata aliyezaliwa themanini:
sekunde tisa zimebaki, Armand Thibodeau kapiga, kakosa,
kisahani kikagonga kiatu cha refa, kikajipinda,
kikaingia golini polepole
kama mgeni asiye na hakika ya nyumba.
Kombe moja. La bati.
Limo kabatini karibu na choo cha wanaume,
sikio lake moja limeungwa kwa waya.
Na yule refa, mpaka anakufa,
hakulipia sahani hata moja katika mji huu.

Sabini na saba, daktari wa meno akainunua timu
(unadhani alikosa wateja?),
kisha akaiuza usiku, bila kuaga,
kwa mji wenye maegesho makubwa.
Asubuhi hata taulo hazikuwepo.
Alichosahau ni saa. Saa, na Lorraine.
Miaka kumi na miwili alikuja kila Jumamosi,
akaiwasha,
akaiacha ihesabu dakika ishirini za patupu,
akaizima, akarudi kwake.
Nilimuuliza kwa nini. Akasema: ingeshika kutu.

Timu mpya ilipokuja, iliitwa Bundi.
Nilimwambia kwetu Bukavu
bundi akilia juu ya paa, watu hulala macho.
Akatazama msimamo wa ligi ukutani,
akasema, basi mngetuambia mapema.

Kiwanda sasa ni ukuta na dohani.
Nahodha anauza matairi; kipa ni mwalimu wa hesabu,
na akifungwa manane watoto humpigia mahesabu yake.
Watazamaji mia mbili na kumi, nikijihesabu mimi
nikizunguka na mashine kati ya vipindi,
nikifuta makovu yote, nikiacha mng'aro nyuma yangu,
kazi niliyopewa kwa sababu
hakuna mwingine aliyetaka kuamka saa kumi.

Jana tumeiyeyusha.
Mstari mwekundu ulivuja ukaingia kwenye wa buluu,
jicho la bundi likatanuka, likatanuka, likawa dimbwi,
na yote yakashuka mferejini,
waliofunga na waliofungwa.
Nilisimama na ufagio wa mpira, miguu imelowa,
nikawaza Septemba:
mpira wa maji, tabaka juu ya tabaka,
kila moja jembamba kama karatasi.

Binti yangu alikuwa ameketi benchi la adhabu
akifungua kamba za viatu vya kuazima.
Amesema anataka kukaa golini.
Sikumjibu. Nilikuwa nafagia.

Lorraine akatoa daftari jipya, akalilamba kidole ukurasa,
akanyanyua miwani:
Nabintu, akasema. Hilo lina N ngapi?