Ramani ya Malimi

Nyuma ya kalenda ya mwaka uliokwisha
Malimi alichora nchi.
Kaskazini aliikomesha kwenye choo cha Mama Ng'washi,
kusini kwenye jabali lililoingia chumbani kwa Lugata
bila kulipa kodi,
mashariki kamba ya nguo,
magharibi ziwa lote,
maana alilipenda, hakutaka kugawana na mtu.

Dhahabu aliipaka kwa manjano ya jikoni,
chuma kwa kutu ya msumari uliolowekwa.
Almasi, nukta tatu tu.
"Zikizidi," alisema, "watakuja watu."
Risasi hakuiweka.
Alilisikia jina, akaliogopa.

Mimi nilikuwa raia wake wa pekee
na waziri wa madini.
Wizara yangu: nyundo,
pete ya mpira wa tairi ya kushikia jiwe lisiruke machoni,
na mama juu kule, akichoma matairi mabovu mgongoni mwa mwamba
mpaka mwamba upige ukelele
na kuachia.

Nikamuuliza, na hili tunaloponda,
mbona halina rangi?
Akaitazama ramani. Akautazama mlima wa Igogo,
mawe yamebebana kama yanavuka mto,
nyumba zimeyang'ang'ania kama kupe.
"Hiyo ndiyo nchi yenyewe. Nchi si madini."
"Lakini ndiyo tunayoila," nikamwambia,
nikaendelea kugonga.

Ramani ililiwa na mchwa.
Walianzia ziwani,
wakaziacha zile nukta tatu.

Siku hizi yuko ng'ambo ya Geita, kambi ya wachoronga miamba.
Kazi yake ni kusoma vipande virefu vya mawe
vilivyolazwa sandukuni kama miwa,
kila kimoja na namba yake.
Jumapili hupiga simu, upepo ukimkata maneno.

"Dada, lile jiwe la nyumbani
lina miaka bilioni mbili na nusu.
Samaki hawakuwa na miiba. Samaki hawakuwapo!
Ziwa lenyewe ni mtoto,
limekuja juzi, limekuta jiwe limekaa."

Sikumjibu upesi.
Nilikuwa nakumbuka ndoo ya asubuhi:
miaka bilioni mbili na nusu,
shilingi elfu moja na mia mbili,
nimeijaza mpaka ikafanya kilima,
na mteja
bado akaomba nyongeza.