Safu ya Nne

Goma, mwezi wa saba. Vumbi limepanda hadi kwenye kope,
mlima unavuta moshi wake kama kawaida,
nasi tumechora uwanja kwa majivu
hapa Majengo, juu ya mawe meusi.
Chini yake, wanasema, kuna barabara
ya siku zile kabla moto haujashuka.

Nina firimbi, daftari, mipira miwili.
Daftari lina safu nne: jina, miaka, kijiji, shule.
"Karibuni kwenye vakansi!" nasema kwa sauti ya redio.
Bauma wa Masisi anainua mkono.
"Vakansi ni nini?"
Ni kupumzika baada ya masomo.
Anafikiri. Anakuna goti lenye kidonda.
"Mimi sijasoma tangu tutoke Kichanga. Mwaka na nusu.
Sasa hapa napumzika nini?"

Wenzake wanacheka. Mimi naitazama safu ya nne,
kisha napiga firimbi,
maana firimbi haidaiwi jibu.

Wasichana wanaanza nzango,
mguu kwa mguu, makofi kwa makofi.
Masika wa Lubero na Nduwimana wa Burundi,
ambao bado hawajapata lugha moja ya kugombana,
wanagombana kwa vidole:
mbili! Hapana, tatu!

Mpira wa kwanza unakutana na jiwe kali
saa nne asubuhi, unakata roho.
Wa pili unaishi mpaka Jumatano.

Alhamisi Bauma anakuja na mifuko ya nailoni
na kamba za mgomba, sijui za shamba la nani.
Anakaa chini, hasemi na mtu,
anakunja, anabana kwa meno, anafunga,
na watoto kumi na wawili wamemzunguka
kwa kimya ambacho firimbi yangu haijawahi kukipata.
"Si hivyo. Vuta. Kamba ikilia ndiyo imekaza."
"Nani alikufundisha?"
"Kaka."
Hakuongeza neno. Nami sikuuliza kaka yuko wapi;
daftari halina safu hiyo.

Kufika jioni mipira ni sita,
mmoja umepinda kama kiazi
na ndio huo wanaougombania.

Siku ya mwisho shirika linataka daftari,
kila safu iwe imejazwa.
Ya nne ya Bauma bado tupu.
Nashika kalamu, naiweka chini, naishika.
Nje wanapiga kelele nitoke, hawana golikipa.
Naandika: *anafundisha*,
nakimbia, kiatu kimoja hakijafungwa.