Baiskeli Isiyo na Keria

Niliinunua sokoni Mwanga, mtumba wa nchi za baridi,
gia kumi na nane, mbili tu ndizo zinazokubali,
matairi yana meno kama ngedere aliyekasirika.
Fundi Gwasa aliizunguka mara tatu, spana mkononi.
"Mwalimu, keria iko wapi?"
Haina.
"Sasa mzigo utaweka wapi?"

Swali hilo limenifuata tangu Basanza.
Umande ungali kwenye majani ya mihogo
nilipokishika kijia cha kando ya Ruchugi,
mto usio na makuu,
unaotembea kama mtu aliyekwisha kula.
Mteremko wa kwanza nikaachia breki.
Kokoto zikaruka, meno yakagongana,
miaka hamsini na minane ikapiga yowe kifuani
nami nikacheka peke yangu, mdomo wazi,
hadi mdudu akaingia.

Vijana wa mkaa walikuwa wanapanda nilikoshuka,
magunia matatu kila mmoja, wanasukuma wameinama,
makatambuga yao yakiitafuta ardhi.
"Shikamoo. Umebeba nini?"
Marahaba. Sijabeba.
"Unakwenda kuchukua?"
Nakwenda kuona.
Wakanitazama kama mtu atazamavyo jembe lisilo na mpini.

Baba alipita hapa na Swala yake nyeusi,
kilo themanini za chumvi nyuma,
Uvinza hadi Kasulu, siku mbili,
mzigo umebanwa kwa mpira wa tairi.
Alirudi na maharage
na mgongo uliokataa kunyooka.
Kabla yake walipita wa vichwani,
chumvi imeviringishwa kwenye majani,
imefungwa kwa kamba za gome la mti wa porini.
Njia hii haimjui mtu mtupu.
Hata mto umebeba: udongo mwekundu, vijiti,
kandambili moja ya mtoto.

Kwenye daraja la magogo, Mama Bitaliho
hakuuliza chochote.
Aliutazama usukani, akaona nafasi,
akanifungia kuku, miguu kwa ugwe, kichwa chini.
"Mpelekee dada yangu, nyumba ya pili ukivuka reli.
Mwambie huyu ndiye yule wa deni."

Basi tukaenda, mimi na deni la watu,
nikipunguza mwendo kwenye makorongo kwa heshima yake.
Mivumo ikapita. Likaja dohani la matofali,
kisha masufuria ya chuma ya enzi za Mjerumani,
mapana kama vyumba, yameliwa na kutu,
nyasi zimeota humo kana kwamba zilipandwa.

Nilishuka ukingoni kupumzika.
Nikamfungua kuku mguu mmoja, wa pili nikaufunga kwenye pedeli.
Akajikung'uta kama abiria wa treni aliyeamshwa stesheni,
akaanza kuchakura.

Mara ya tatu kucha zake zikatoa kigae,
cheusi upande mmoja,
upande wa pili kina michirizi
aliyoichora mtu kwa kijiti
kabla ya reli, kabla ya Mjerumani,
kabla ya kuwapo wilaya ya kuandikwa juu ya bahasha.
Chungu cha kuchemshia chumvi.
Miaka thelathini nimewafundisha watoto:
*Wavinza walichemsha maji ya chumvi.*
Sentensi moja, ubaoni. Walinakili. Nilifuta.
Sikuwahi kukishika.

Nikakilamba.
Chumvi hakuna. Vumbi tu, na ubaridi.
Kuku akaendelea, kigae baada ya kigae,
anatafuta mchwa.

Nikavirudisha vyote, nikavifukia kwa soli ya kiatu.

Kwa dada mtu nilifika saa nane.
Alimpima kuku kwa mkono, akamrudia tena kumpima,
akasema deni lilikuwa la jogoo, lakini si neno.
Kisha akatazama nyuma ya baiskeli,
pale pasipo na kitu.
"Na wewe, Mwalimu, unarudi na nini?"