Kasoro Nambari Arobaini na Moja

Wamenipa ngazi, kalamu nyekundu na fomu:
hesabu kasoro za jengo, Kavinya,
tuzizibe kabla ya vuli.
Nimeanza chini, upande wa maegesho,
penye zege lililobabuka, nondo zikachungulia
nyekundu kama ufizi wa mtoto anayeota meno.
Moja. Mbili.
Tatu ni mfereji wa paa, umezibwa na maua ya mjakaranda
ya Oktoba iliyopita, au ya Oktoba kumi, nani ajuaye,
na kiatu kimoja cha ngozi, soli imekwisha.

Nyagaka bawabu ananifuata na ndoo.
Yeye analijua jengo kwa matone:
"Hapa linavuja Aprili. Hapa, mpaka Juni.
Hapa halivuji. Hapa linalia tu."
Hilo sikuliandika. Fomu haina safu yake.

Kumi na tano: kioo. Kumi na sita: kioo.
Kumi na saba: kioo kilichovunjika mwaka ule wa gesi ya machozi,
wanafunzi walipopanda ngazi za mzunguko wakikohoa;
kipande cha bati kilichowekwa pale "kwa muda"
sasa kimetimiza umri wa kuoa.

Mkandarasi anapenda rangi.
Ana ndoo sitini za rangi ya maziwa,
anasema zege tupu ni kama mtu aliyesahau shati.
Mkuu wa idara anasema la, lilimwagwa lionekane.
Na bwana mmoja wa kamati,
mwenye ramani ya ghorofa ishirini na nne mahali hapa hapa,
anatazama saa yake.
Mimi natazama mapezi ya zege yanayozuia jua:
saa nne asubuhi linaingia vipande vipande, kama mkate,
saa saba linabaki nje, linamsubiri Nyagaka.
Miaka hamsini na kitu,
na kivuli hicho hakijawahi kututumia bili ya umeme.

Arobaini na moja.
Ghorofa ya tatu, chini ya boriti, nyuma ya kabati la mifano ya majengo.
Herufi tatu zimeinuka kwenye zege, zimegeuka nyuma mbele.
Wanafunzi wana hadithi zake:
ni chama kilichopigwa marufuku; ni Kilatini;
ni msichana aliyekataa posa ya mchoraji.
Mkandarasi ameshaandika kwa penseli:
uchafu wa kalibu, uchongwe, upigwe lipu.

Nimetoa kioo changu cha poda. Nimekiinua.

JUU.

Baba yangu, Kilungya, alikuwa seremala wa kalibu.
Alitoka Mitaboni na msumeno ndani ya gunia,
akagongomea mbao za mtarakwa zikashika umbo la vyumba
ambavyo hakuwa na cheti cha kuvikalia.
Zege likishaganda, mbao hung'olewa.
Kazi yake nzima ilikuwa ya kuondolewa.
Mtu akachonga kwa patasi neno la kuwaelekeza wabebaji
upande upi wa ubao uelekee mbinguni,
na zege, lisilojua kusoma,
likalikariri kinyume.

Siwezi kuapa kwamba ni mkono wake.
Maseremala walikuwa kumi na wawili,
na wote, nadhani, walichonga J yenye mkia mrefu.

Nimepitisha kidole:
vifundo, mishipa, hata pale randa ilipokwama.
Mti wenyewe ulipikia vibarua chai.
Uso wake uko hapa, baridi,
unanikwaruza ncha ya kidole.

"Kavinya! Umefika ngapi?" mkandarasi anaita kutoka chini.

"Arobaini."

Nyagaka ameshika kabati upande mmoja, mimi mwingine.
Tumelirudisha polepole, bila kuulizana,
tukaacha nafasi ya mkono kupita.