Mfupa Ulioungana Uongo

Mama aliniita Meshulamu, yaani Aliyelipwa,
kwa kuwa mwanawe wa kwanza alimezwa na homa
kabla meno hayajaota, nami nikaja kuwa fidia.
Kwa lugha yetu amani na kulipa deni
ni watoto wa tumbo moja.
Nilibeba jina hilo miaka arobaini
kama mtu abebaye barua asiyoweza kuisoma.

Mguu ulivunjika njiani, siku ya tisa ya uhamisho,
gurudumu la mkokoteni wa Wababeli lilipoteleza.
Akaja nabii mmoja, ndevu zang'aa mafuta,
akafunga kitambaa cheupe juu ya damu na vumbi.
"Tulia. Bwana amekwisha kukuponya.
Mwezi hautaandama mara mbili
kabla hujapanda ngazi za Sayuni."
Nikampa bangili yangu. Habari tamu
nani huipima?

Mavuno kumi na moja yakapita.
Tulichimba mifereji ya watu, tukala samaki wa tope,
nikatembea upande upande kama kaa,
nikimwambia sijambo kila aliyeuliza.

Mpaka Yehoyishma, muunga mifupa,
aliponikalisha juu ya gunia la sufu
akapitisha vidole kwenye muundi wangu
taratibu, kama asomaye mwandiko uliofutika.
"Umeunga," akasema. "Lakini umeunga uongo.
Sharti niuvunje tena."

Nikamkumbusha: nilishatangaziwa amani.
Akacheka, cheko kavu la mtu aliyezika wengi.
"Amani gani hiyo inayokuchechemeza?
Mungu hafuniki jipu kwa leso, hulitumbua.
Ukimsikia nabii asiyekuuma popote,
shika mfuko wako."

Kisha akaona fundo kwenye upindo wa kanzu.
"Na hicho?"

Jiwe la mizani.
Mji ulipozingirwa, shayiri ilipopanda bei ya fedha,
nililikwangua ukutani usiku, chembe kwa chembe,
likapungua unene wa ukucha.
Nikampimia nalo Hogla, mke wa mfinyanzi.
Aliingia kwenye njaa ile na watoto watatu,
akatoka na mmoja.

Sikusema neno. Yehoyishma akakusanya vitambaa vyake.
"Nenda kwanza. Mguu utasubiri."

Nikaenda na shayiri ya miezi minne begani,
hatua ndefu, hatua fupi.
Hogla akalishika jiwe kiganjani, akalirusharusha kidogo.
Hakulia. Hakusema amenisamehe.
Akamimina nafaka mtungini, akanirudishia gunia.
"Hii ni shayiri," alisema.
"Watoto nitamdai nani?"
Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Kesho yake Yehoyishma akanipa ukanda wa ngozi niung'ate.
Mlio ule: tawi kavu la mlozi.
Niliziona nyota saa sita mchana,
na mama yangu kati yao, akiniita jina lote.

Sasa maji ya mfereji yamepanda.
Mguu umenyooka, ingawa asubuhi za baridi
bado unanidai.
Hogla akinipita hanisalimu.
Ila jana nilikuta chungu kidogo mlangoni,
kimepasuka mdomo, ufa umezibwa kwa lami,
alama ya kidole gumba ingali imo.

Sijui kama ndiyo ile waliyoiona manabii.
Nimekijaza maji, nikakaa nacho gizani,
nikipapasa sakafu chini yake kila mara.
Hadi alfajiri,
pakavu.