Jina Zima

Mgongo wangu ulikatika kwenye banda la kunyolea,
kondoo wa mia na themanini wa siku ile,
jike mkaidi mwenye shingo ya fahali.
Daktari akasema, pumzika.
Nikapumzika
kama mbwa apumzikavyo akifungwa mnyororo.

Julai ikaja, baridi ya kusini ikibisha hodi
bila kungoja karibu.
Nikatoa sindano za mama kwenye kopo la vifungo,
za mfupa, moja imepinda kidogo.
Vidole vilikumbuka kabla yangu.
Ingiza, zungusha, vuta, achia.
Ingiza, zungusha, vuta, achia.
Miaka arobaini nilimvua kondoo nguo;
leo, mzee mzima, najifunza kuvika.

"Funga pazia kwanza," akasema Enid.
Hakusema kwa ubaya.
Ng'ambo ya barabara anakaa Colin Petrie,
na mdomo wa Colin hauna mlango.
Enid mwenyewe hufungua injini ya trekta
akaifunga tena, na skrubu isibaki;
lakini vifungo vya nyumba hii
nashona mimi, tangu tuoane.

Wiki sita nilikuwa kifuani.
Nilipokaribia kwapa nikaona, chini kabisa,
safu ya kumi na moja,
kitanzi kimoja kimegeuza uso
kama mtoto aliyenuna.
Hakuna ambaye angekiona.
Nilikwisha kukiona mimi.

Nikafumua.
Uzi ukatoka safu baada ya safu,
umejikunja, umekumbuka umbo lake,
ukalala mapajani mwangu kama nywele za mtu.
Nani alisema kufumua ni hasara?
Sufu ni ileile, moto ni uleule,
na mimi nimepewa jioni kumi na nne za ziada.

Fomu ya maonyesho niliijaza kwa herufi kubwa:
KUNDI LA 214. SWETA LA MTU MZIMA.
E. DALGLEISH.
Noeline wa ofisini akainua kalamu.
"Enid huyu, sivyo?"
Mimi ni Ewart.
Nikakohoa.
Akapiga muhuri.

Februari, ukumbi una harufu ya vitunguu na rangi mpya.
Boga la mtoto wa shule, kubwa kuliko mtoto.
Mitungi ya jamu imepangwa foleni kama askari wanene.
Na sweta langu juu ya kiango,
kijivu cha mto Mataura baada ya mvua,
utepe mwekundu begani.
Wa kwanza!
Magoti yakanilegea.

Wakamzunguka Enid.
Wakambusu, wakamuuliza siri ya zile kola.
Yeye, kucha zimejaa grisi,
akawajibu bila kupepesa, "Ni subira tu,"
na mimi nyuma yake na sahani ya skonzi,
kama mwizi aliyealikwa arusini.

Kisha akaja jaji, Bi Thora Macandrew,
mwembamba, miwani kwenye kamba.
Watu walisema aliligeuza kila sweta
akasoma upande wa ndani kwanza,
maana nje kila mtu hujipamba.
Akampa mkono Enid. Akaushika kidogo, akauacha.
Akanipa mimi.
Kidole gumba chake kikapita taratibu
ubavuni mwa kidole changu cha shahada,
pale uzi ulipochimba mfereji.
Kikasimama.

Hakutabasamu.
"Mwakani," akasema, kwa sauti ya chini,
"soksi zina washindani watatu tu.
Na ile fomu, bwana,
ina nafasi ya kutosha jina zima."

Tukarudi, Enid kwenye usukani,
utepe ukicheza chini ya kioo.
Kabla ya daraja nilikuwa nimeanza,
vitanzi sitini na vinne, sindano nne, buluu.
Colin Petrie alikuwa langoni kwake.
Enid akapunguza mwendo. Kusudi, namjua.
Gari letu halina pazia.
Colin akainua mkono.
Nami nikainua soksi.